Sotoka ilishindwa bila dawa: funzo kwa wafugaji wa Marereni

Ng'ombe akianza kutokwa na udenda na kuchechemea, wafugaji wengi hukimbilia duka la dawa za mifugo kununua antibiotiki. Sindano hiyo huzuia bakteria wasivamie vidonda vya mdomo na kwato, lakini kirusi cha ugonjwa wa midomo na miguu hakiguswi. Zaidi ya karne moja ya historia ya mifugo Afrika Mashariki inafundisha jambo hilohilo: virusi hushindwa kwa chanjo, karantini na usafi.

Mwalimu mkali kuliko wote alikuwa sotoka, ugonjwa wa virusi wa ng'ombe. Iliingia Afrika kupitia Eritrea mwishoni mwa miaka ya 1880, ikashuka kusini haraka. Mwanzoni mwa miaka ya 1890 ilikuwa imefyeka sehemu kubwa ya ng'ombe wa Wamaasai pamoja na nyati wa porini, na njaa ikafuata. Ilipofika Afrika Kusini, daktari Mjerumani Robert Koch alijaribu kuwakinga ng'ombe wazima kwa kuwadunga nyongo ya wale waliougua. Baadaye ikaja mbinu ya kumdunga mnyama damu yenye ugonjwa pamoja na seramu ya mnyama aliyekwisha kupona. Serikali ya kikoloni Kenya nayo ilitegemea karantini, ambayo mara nyingi iliwafungia soko wafugaji Waafrika na kuwalinda walowezi.

Mambo yaligeuka Muguga, karibu na Nairobi. Huko Walter Plowright na wenzake walitengeneza chanjo kwa kukuza kirusi ndani ya seli za figo za ndama. Ilikuwa rahisi kutengeneza, na dozi moja ilimkinga ng'ombe maisha yake yote. Kampeni ya pamoja ya nchi za Afrika, JP15, ilianza mwaka 1962. Sotoka ikakaribia kwisha, uchanjaji ukalegea, na katika miaka ya 1980 ugonjwa ukarudi kwa kishindo. Kazi ikaanza upya. Mara ya mwisho kirusi hicho kuonekana duniani ni mwaka 2001, kwa nyati wa Mbuga ya Meru hapa Kenya. Mwaka 2011 sotoka ilitangazwa kutokomezwa, ugonjwa wa pili baada ya ndui.

Ugonjwa wa midomo na miguu ni mkaidi zaidi. Una aina saba za virusi, na kinga ya aina moja haizuii nyingine. Chanjo yake hudumu miezi tu, hivyo lazima irudiwe. Lakini kirusi chake kina udhaifu: hakivumilii asidi wala alkali. Magadi ya Ziwa Magadi, yakishasafishwa kuwa sodiamu kaboneti (soda ash) na kuchanganywa gramu 40 kwa lita moja ya maji, yanatosha kusafishia viatu, vyombo na magurudumu. Kwanza ondoa kinyesi na matope, maana dawa haipenyi uchafu. Marereni ni nyumbani kwa chumvi, ila chumvi pekee haitegemewi kuua kirusi hiki.

Kwa homa ya Bonde la Ufa, ugonjwa mwingine wa virusi wa mifugo, hata magadi hayatoshi, kwa sababu mbu ndio waenezaji. Mvua kubwa za mwishoni mwa 2006 zilizusha mlipuko ulioanzia Garissa na kufika Kilifi. Watu zaidi ya 150 walifariki nchini, wengi wakiwa wamegusa wanyama wagonjwa au damu yao.

Marereni iko kwenye barabara ya Malindi kuelekea Garsen na Tana River, kwenye nchi ya wafugaji. Kwa hiyo ukiona dalili, mtenge mnyama huyo, usimuuze wala kumchinja, na umjulishe afisa wa mifugo siku hiyohiyo. Usisubiri mlipuko ndipo uulize chanjo: sotoka ilirudi pale tulipodhani imekwisha.