Meza ya Karani na Mtoto wa Simbo

Mtoto wa Simbo, mkoani Kigoma, aketipo mbele ya kompyuta mara ya kwanza, huambiwa kwamba kioo kile ni meza, na juu yake pana majalada, karatasi na pipa la taka. Asipofahamu upesi, huitwa mzito. Lawama hiyo haimpasi yeye. Yampasa aliyeichora meza, na historia yake ni hii.

Mwaka 1972 Alan Kay, mtaalamu wa kampuni ya Xerox huko Palo Alto, Marekani, aliandika juu ya kompyuta ndogo ya kuchukuliwa mkononi, aliyoikusudia watoto. Mwaka 1973 kampuni hiyo iliunda Alto, mashine yenye kipanya, na baadaye watoto waliletwa kuijaribu. Madirisha yapandanayo juu ya kioo yalitoka katika kazi hiyo.

Lakini biashara ilimtazamia mteja mwingine. Mwaka 1981 Xerox ilitoa Star, iliyotengenezwa kwa ajili ya ofisi. Ndipo kioo kilipogeuzwa meza ya karani. Macintosh ya mwaka 1984 iliishika njia ile ile, na Windows ikafuata. Mcheza kwao hutunzwa: karani alizijua alama zile kabla ya kuiona mashine.

Meza hiyo si ngeni Kigoma. Reli ilipofika mwaka 1914, ilikuja na makarani wake. Ila ilikaa nyuma ya dirisha la tiketi, na mtoto wa mvuvi au mkulima aliiona kwa mbali, kama aliiona.

Mwaka 2004 Chuo Kikuu cha Dar es Salaam kilitoa Jambo OpenOffice, programu za kuandikia na kuhesabia kwa Kiswahili. Kazi hiyo njema iliondoa mzigo wa lugha. Mzigo wa picha ulibaki, kwani kulitafsiri jina la jalada si kumpa mtoto jalada.

Je, meza ile haimfai mwanafunzi? Haki itendeke: yazishinda amri za kuandikwa herufi kwa herufi zilizoitangulia, maana jicho huona, mkono huonyesha, na kosa hutenguliwa. Mtoto aiweza kwa kufundishwa, si kwa kukisia. Basi mwalimu na aanze na jalada la kweli, kisha aje kwenye kioo. Na mchoraji wa kesho aulize kwanza mwanafunzi atoka nyumba gani. Wepesi wa chombo haumo katika chombo peke yake. Umo pia katika maisha ya mwenye kukishika.