Reli Zilizozaliwa Mferejini

Boti iliyotoka Newport, kusini mwa Wales, kwenda Crumlin ilipanda ngazi ya maji pale Rogerstone: malango 14 mfululizo. Lango lifungwe, maji yajae, boti inyanyuke, kisha lango la mbele lifunguliwe na kazi ianze upya. Na makaa ya mawe ambayo boti zilifuata yalikuwa juu zaidi mabondeni, maji yasikofika.

Sheria ya 1792 iliyoiunda Kampuni ya Mfereji ya Monmouthshire ililiona hilo, ikaruhusu njia za reli hadi maili 8 kutoka mferejini. Kilichovuta ni farasi. Reli zilikuwa vipande vya chuma cha kusubu, urefu wa futi 3 hivi, vyenye umbo la herufi L, vimepigiliwa juu ya mawe ili katikati farasi apate pa kukanyaga. Kingo ya L ndiyo iliyozuia gurudumu lisichopoke. Gurudumu lenyewe lilikuwa bapa kama la mkokoteni. Mfanyabiashara yeyote alileta mabehewa na farasi wake, akalipa ushuru, akapita. Familia ya Morgan ilijenga maili moja iliyokatiza shamba lake la Tredegar Park na kutoza kila tani. Watu wakaiita Maili ya Dhahabu.

Mvuke haukuwa mgeni huko. Mnamo 1804, bonde jirani, mashine ya Richard Trevithick ilivuta tani 10 za chuma na watu 70 kutoka kiwanda cha chuma cha Penydarren. Ilifika, ila nyuma yake vipande vya reli vilikuwa vimekatika. Mwaka 1829 garimoshi la Britannia la kiwanda cha Tredegar nalo likavunja reli. Chuma cha kusubu ni kigumu, lakini kikilemewa hakipindi, hukatika. Kwa hiyo miaka hiyo yote kikwazo hakikuwa injini, kilikuwa njia.

Kuirekebisha kulimaanisha kung'oa karibu kila kitu: chuma cha kufua badala ya cha kusubu, mataruma ya mbao badala ya mawe, na ile kingo kuhama kutoka kwenye reli kwenda kwenye gurudumu. Hapo mabehewa ya zamani ya wafanyabiashara yakawa hayafai, na uvutaji ukaingia mikononi mwa kampuni.

Mwaka 1848 kampuni hiyo ikajiita Kampuni ya Reli na Mfereji, reli ikitangulia. Reli ya Newport hadi Pontypool ilifunguliwa 1852. Juu ya Pontypool, muongo huohuo, kipande cha mfereji kilifungwa na reli ikapitishwa palepale zilipokuwa zikielea boti.