Historia ya Kihusishi 'of' cha Kiingereza na Mizani ya Tafsiri ya Kiswahili

Utangulizi

Vitabu vingi vya sarufi vimemzoesha mwanafunzi kuamini kwamba -a unganifu ya Kiswahili ndiyo of ya Kiingereza. Imani hii ina umri mrefu. Edward Steere, katika mwongozo wake wa Kiswahili wa mwaka 1870, alikieleza kiunganifu hicho kwa kukilinganisha na of. Ethel Ashton alipiga hatua mbele mwaka 1944 alipokiita '-a ya uhusiano', kwani alitambua kuwa umilikaji ni sehemu tu ya kazi zake. Hata hivyo, mlinganisho wa awali haukufa. Ungali unatawala madarasa na, kwa kiasi kikubwa, meza za wafasiri. Makala hii inadai kwamba mlinganisho huo unaficha historia nzima. Kihusishi of hakikuzaliwa kikiwa na kazi ya kuunga nomino kwa nomino; kiliirithi kazi hiyo kutoka kwa mfumo uliokuwa ukiporomoka. Asiyeujua urithi huo huenda akaisoma vibaya hata anwani ya kazi ya fasihi.

Nomino zilipounganishwa kwa viambishi

Katika Kiingereza cha Kale, lugha iliyotumiwa Uingereza hadi karne ya 12 hivi, uhusiano baina ya nomino mbili ulionyeshwa hasa na kiambishi tamati. Cyning, yaani mfalme, ilikuwa cyninges iliposimama kama mmiliki. Lar, yaani mafundisho, ilikuwa lare. Nama, yaani jina, ilikuwa naman. Katika wingi, wafalme wenye kumiliki walikuwa cyninga. Kila kundi la nomino lilikuwa na tamati yake, na vibainishi vilivyotangulia nomino navyo vilibadilika kuambatana nazo.

Neno of lilikuwapo wakati huo, lakini lilikuwa na kazi nyingine. Maana yake ilikuwa 'kutoka': of heofonum ni 'kutoka mbinguni'. Of na off, ambayo leo huhesabiwa kuwa maneno mawili, yalikuwa neno moja. Umbo lililotamkwa kwa mkazo likaendelea kuwa off, na lile lisilo na mkazo likawa of. Kwa hiyo, chimbuko la of ni mahali na mwendo, wala si umiliki. Daraja baina ya maana hizo mbili si gumu kulitambua. Mtu anayetoka Roma ni mtu wa Roma, na kipande kilichotoka katika mkate ni kipande cha mkate. Asili ya kitu ilipogeuka kuwa utambulisho wake, of ilikuwa tayari imevuka kizingiti cha umilikishi.

Sababu za mageuzi

Kasi ya mageuzi haya ilipimwa na Russell Thomas katika tasnifu yake ya mwaka 1931 katika Chuo Kikuu cha Michigan. Kwa hesabu zake, miundo ya of ilikuwa asilimia 1 hivi tu ya miundo yote ya umilikishi katika maandishi ya mwishoni mwa karne ya 10. Katika karne ya 12 ilifika asilimia 6.3, mwanzoni mwa karne ya 13, asilimia 31.4, na katika karne ya 14, asilimia 84.4. Katika muda wa karne mbili tu, muundo uliokuwa nadra ukawa kanuni.

Wako wanaodai kwamba chanzo ni Kifaransa, kwa kuwa Wanormani waliivamia Uingereza mwaka 1066 wakiwa na kihusishi chao de. Dai hili lina ukweli, ila si ukweli wote. Irabu za silabi zisizo na mkazo zilikuwa zimeanza kufifia, hata -a, -e na -an zikaelekea kutamkwa kwa namna moja. Vibainishi navyo vilipoteza maumbo yake vikabaki the pekee. Tamati -es ilisalimika kwa sababu ya konsonanti yake, ikaenea hata kwa nomino zisizokuwa zake. Ama tamati ya wingi -a, iliyokuwa irabu tupu, haikuwa na ngao. Lugha ikahitaji alama iliyo wazi, na of ilikuwa karibu. Kifaransa kiliuharakisha mwelekeo ambao udhaifu wa tamati ulikuwa umekwisha kuuanzisha.

Aidha, of haikufanikiwa kuing'oa -es kabisa. Kazi ziligawanywa: 's, mrithi wa -es, ikaelekea zaidi kwa watu na viumbe hai, na of ikashika vitu na dhana. Mipaka ya mgawanyo huo haikuwekwa kwa siku moja. Katika Chaucer, aliyefariki mwaka 1400, hadithi ya mke wa Bath hutajwa kwa mpangilio wa 'ya mke hadithi wa Bath'. Alama ya umilikishi hushikamana na mke, na Bath huachwa nyuma ya hadithi. Baadaye 's iliruhusiwa kujishikiza mwishoni mwa kirai kizima, ikatoka katika hali ya tamati ya neno ikakaribia ile ya neno dogo linalojitegemea.

Katika karne za 16 na 17 ulistawi muundo mwingine, ule wa kumtaja mmiliki kisha kumrejelea kwa kivumishi cha umilikishi. Tamthilia ya Ben Jonson iliyochapwa mwaka 1605 iliitwa Sejanus his Fall. Msomaji wa Kiswahili hawezi kuukosa ujirani wa muundo huu na 'Sejanus, anguko lake'. Tofauti ni kwamba his humfuata mmiliki kwa jinsia, ilhali lake hulifuata anguko kwa ngeli. Joseph Addison, akiandika katika gazeti la Spectator mwaka 1711, alidhani kuwa 's ni mabaki ya his. Samuel Johnson aliipinga rai hiyo katika kamusi yake ya mwaka 1755 kwa hoja fupi: 's hutumika hata mmiliki akiwa mwanamke, na mwanamke hawezi kuwa his.

Kihusishi kilichobeba mengi

Baada ya kurithi kazi za tamati zote, of ilikuwa imelemewa. Mfano mashuhuri ni the love of God, ambapo haijulikani kama Mungu ndiye apendaye au ndiye apendwaye. Kiingereza kilipunguza utata wa namna hii kwa kuwagawia vihusishi vingine nomino zitokanazo na vitenzi: belief huandamana na in, attack na on, desire na for, reply na to. Vingi vya vihusishi hivi navyo vina asili ya mahali na mwendo.

Kiswahili hakikupita njia hiyo. -a unganifu haitaji mahali. Hupatanisha, na upatanisho wake hutawaliwa na nomino inayotangulia. Hamu ya uhuru, jibu la barua na uchu wa mamlaka vyote hutoshelezwa nayo. Utata unapozuka, kama katika 'upendo wa Mungu', kitenzi huitwa kuamua: 'kumpenda Mungu' humfanya Mungu mtendwa, bila shaka yoyote, kwa kiambishi kimoja. Hivyo basi, of si -a kwa upande wowote. Kuna of ambayo -a haiitoshelezi, na kuna -a ambayo Kiingereza huihitajia in, on, for au to. Anayeandika 'shambulio juu ya kijiji' kwa kuwa Kiingereza kina on amehamisha historia ya lugha moja hadi lugha isiyokuwa na historia hiyo.

Anwani tatu

Uzito wa jambo hili huonekana katika tafsiri za fasihi. Julius Nyerere alipoifasiri The Merchant of Venice mwaka 1969, aliiita Mabepari wa Venisi. Of katika anwani ya Shakespeare ingali na harufu ya maana yake ya kale: mfanyabiashara atokaye Venice. Nyerere alimgeuza mmoja kuwa wengi, na wa, ambayo hutumika kwa bepari mmoja na kwa mabepari, haikubadilika hata kidogo. Tafsiri ya kitabaka imebebwa na nomino, na kiunganifu kimeipitisha kimyakimya.

Animal Farm ya George Orwell, ya mwaka 1945, haina kihusishi. Nomino mbili zimewekwa sambamba. Fortunatus Kawegere alilazimika kuzipatanisha, ikawa Shamba la Wanyama. Je, ni shamba wafugwamo wanyama, au shamba wanalolimiliki? La hubeba yote mawili, na riwaya nzima ni safari ya kutoka maana ya kwanza hadi ya pili, kisha kurudi. Hapa utata wa -a umekuwa neema.

A Man of the People ya Chinua Achebe ilikuja kuwa Mwakilishi wa Watu. Of ya Achebe ni ya asili na ya kujinasibisha: mtu atokaye kwa umma na kujidai wake, na humo ndimo kejeli ilimo. Mwakilishi ni nomino ya kitenzi, hivyo watu wamekuwa watendwa: wanaowakilishwa. Chifu Nanga amepewa cheo mahali ambapo anwani ya Kiingereza ilimpa nasaba. Kejeli haikutoweka, ila imehama kutoka madai ya udugu hadi madai ya ofisi.

Hitimisho

Historia ya of ni historia ya neno la mahali lililolazimishwa kuwa sarufi. -a ina historia ya upatanisho. Mhakiki anayezisoma tafsiri hizi kwa kuhesabu kama kila of imepata -a yake hatauona uamuzi wa mfasiri, kwa kuwa uamuzi huo aghalabu hukaa katika nomino zilizo kandokando ya kiunganifu. Huko ndiko uhakiki wa tafsiri unakopaswa kuanzia, na ndiko somo la isimu historia linakoacha kuwa pambo katika idara za fasihi.