Sanamu za Mkunazini na Njia ya Kilwa

Katika makala hii nakusudia kuichunguza kazi moja ya Clara Sörnäs, mchongaji wa Uswidi, iliyowekwa Unguja mwaka 1998 katika uwanja wa Kanisa Kuu la Kianglikana, Mkunazini. Kazi zake nyingine ni haki ya wanahistoria wa sanaa wa kwao; hii yatupasa tuitazame sisi tulio wanafunzi wa lugha na historia ya pwani, kwa kuwa yawahusu watu waliopitishwa katika nchi yetu, na hasa katika pwani ya kusini. Hoja yangu ni kwamba sanamu hizi zimefanya jambo ambalo msamiati wetu haukulifanya: zimemwonyesha mtumwa pasipo kumpima kwa bwana wake.

Kwanza yafaa tukumbuke desturi iliyokuwapo. Neno sanamu limetoka katika Kiarabu, ambako asili yake ni kitu kiabudiwacho, na katika miji ya Kiislamu ya pwani haikuwa ada kusimamisha mfano wa mtu hadharani. Wakubwa walikumbukwa kwa makaburi yenye nguzo na kwa habari zilizoandikwa, kama zile za wafalme wa Kilwa. Mfano wa mtu uwanjani uliletwa na watawala wageni. Wadachi walimsimamisha Hermann von Wissmann katika Dar es Salaam, na askari mweusi chini yake. Waingereza walipoutwaa mji mwaka 1916 sanamu hiyo iliondolewa. Na mwaka 1927 ikawekwa ile ya Askari, kazi ya James Alexander Stevenson, yenye maandishi ya Kiingereza na ya Kiswahili, Kiswahili chenyewe kikiwa kwa herufi za Kirumi na za Kiarabu. Sanamu zote mbili zilijengewa msingi wa kuziinua juu, hata mtazamaji hana budi kuinua uso.

Sörnäs aligeuza desturi hii. Watu wake watano, wa saruji, wamesimama ndani ya shimo lililochimbwa ardhini, na shingoni wamefungwa minyororo ya chuma. Mtazamaji husimama juu, ukingoni, naye huwaangalia kwa kuinamisha kichwa. Hapo hujikuta, pasipo kutaka, mahali pale pale aliposimama mnunuzi. Tena watu hao hawana majina, wala kabila haikuandikwa, wala hapana alama ya kuonyesha nani alikuwa mali ya nani. Kazi yenyewe imeitwa kumbukumbu ya watumwa, basi.

Mahali penyewe pana historia inayotuhusu sana wanafunzi wa Kiswahili. Palikuwa soko la watumwa, likafungwa kwa mkataba ambao Sayyid Barghash aliutia sahihi tarehe 5 Juni, 1873. Siku ya Krismasi ya mwaka ule ule liliwekwa jiwe la msingi la kanisa. Aliyelisimamia jengo hilo ni Edward Steere, yule yule ambaye kitabu chake cha kufundishia Kiswahili na mkusanyo wake wa hadithi za Unguja vilitoka mwaka 1870. Alifariki mwaka 1882 akazikwa humo kanisani. Kwa hiyo mmoja wa waasisi wa elimu yetu amelala hatua chache tu kutoka shimo hilo.

Lakini Mkunazini ni mwisho wa njia. Mwanzo wake wa baharini ulikuwa Kilwa Kivinje. Hesabu za forodha ya Kilwa, zilizofikishwa kwa Waingereza, zaonyesha kwamba katika miaka mitano, tangu 1862 hata 1867, walipakiwa watumwa 97,203: 76,703 kwenda Unguja, na 20,500 kwenda mahali pengine. Waliovushwa kwa siri hawamo. Wengi walitoka katika nchi zilizo karibu na ziwa Nyasa na njiani kuja pwani: Wayao, Wanyasa, Wangindo na wengineo. Mkataba ulipoizuia njia ya bahari, wafanya biashara waliwapitisha kwa miguu kufuata pwani kwenda kaskazini, hata Barghash alipokataza misafara ya nchi kavu mwaka 1876.

Katika maelfu hao tunao wachache sana wenye majina. Mmoja ni Swema, mtoto wa Kiyao, aliyefikishwa Unguja kwa njia ya Kilwa, akazikwa angali hai kwa kudhaniwa kuwa hatapona, akaokolewa na kupelekwa katika misheni ya Kikatoliki. Kisa chake kilichapwa kwa Kifaransa mwaka 1870.

Sasa tuitazame lugha. Mtumwa, kwa asili ya neno, ni aliyetumwa. Tayari yuko nyuma yake mwenye kutuma. Mateka yumo mkononi mwa aliyemteka. Mzalia ni aliyezaliwa katika nyumba ya bwana. Mtwana na mjakazi ni mwanamume na mwanamke wa kutumika. Na kinyume chao ni mwungwana. Kila neno humweka mtu katika daraja yake. La kustaajabisha zaidi ni mjinga. Kamusi za zamani zaeleza kwamba jina hili lilitumika kwa mtumwa mgeni, aliyeletwa karibuni kutoka bara, asiyejua bado lugha wala desturi za pwani. Leo twalitamka darasani kila siku, na hapana anayemkumbuka aliyeitwa hivyo kwanza.

Hapa ndipo kazi ya Sörnäs inapotufaa, nasi hatuna budi kuitazama kwa uangalifu. Vyumba vya chini ya jengo la jirani, ambavyo wageni huonyeshwa kuwa vya kufungia watumwa, vimetiwa shaka na wanahistoria, kwa sababu jengo hilo ni la misheni, la baada ya soko kufungwa. Sanamu haina shida hiyo. Haidai kuwa masalio ya kale, isipokuwa yatutaka tukumbuke.

Hata hivyo saruji haiwezi kutuambia watu hao walizungumza vipi. Jambo hilo lapasa kutafutwa upande wa kusini, Kivinje, Lindi, na katika vijiji vilivyo baina yake kama Kitomanga: majina ya njia na vituo, maneno ya misafara, na maneno ambayo wazee huyasema kwa sauti ndogo. Mchunguzi aende kwa adabu, wala asiulize nasaba ya mtu mbele ya jirani zake, maana maneno haya yangali yakiumiza. Lakini aende. Mkunazini wamekwisha simamishiwa watano wasio na majina. Lililobaki kwetu ni kuyaandika majina na maneno yatakayopatikana, kila moja pamoja na mahali pake na maana yake.