Vita Ndivyo Vililipia Utafiti wa Mguu wa Bandia

Wasee, kila mtu akiona ile video ya jamaa anakimbia na mguu wa kaboni, anasema sayansi imefika mbali. Mimi nilitaka kujua ni nani alilipia hiyo sayansi, na stori ikanipeleka Marekani, mwaka wa 1862.

Vita vya wenyewe kwa wenyewe vilikuwa vimechacha na madaktari wanakata miguu na mikono ya wanajeshi. Serikali ikakubali kuwalipia askari wake viungo vya bandia: dola 75 kwa mguu, dola 50 kwa mkono. Ukishachukua wako, kwaheri. Kama unatembea nao ama umeutupa chini ya kitanda, hiyo ni shida yako. Mafundi nao kila mmoja aliapa wake ndio bora.

Ilichukua zaidi ya miaka 80 ndio mtu aulize kwa makini. Vita vya Pili vya Dunia viliacha karibu Wamarekani 15,000 bila mguu ama mkono, na walikuwa na hasira. Miguu waliyopewa ilivunjika, ilichubua ngozi, na haikuwa tofauti sana na ile ya enzi za babu zao. Januari 1945, kwa ombi la Norman Kirk, daktari mkuu wa jeshi, wataalamu wakakutana Chicago waseme ni mguu gani ulio bora. Kumbe hakuna anayejua! Maoni yalikuwa mengi, ushahidi hakuna.

Hapo ndipo pesa ikatoka. Chuo Kikuu cha California kule Berkeley kikapewa kazi inayoonekana rahisi: binadamu hutembea vipi? Walioongoza ni Verne Inman, daktari wa mifupa, na Howard Eberhart, injinia ambaye mwenyewe alipoteza mguu kwa ajali akiwa kazini mwaka 1944. Manze, hao hawakuwa wakicheza. Vijana waliojitolea walichomekwa vyuma vyembamba hadi kwenye mfupa, kisha wakapigwa filamu wakitembea ili ionekane kila mfupa unazunguka namna gani.

Mwaka 1948 Bunge lao likapitisha sheria nambari 729, iliyoruhusu dola milioni moja kila mwaka kwa utafiti huu. Ndani yake kuna kipengele nakipenda sana: matokeo yatolewe ili yawafaidi watu wote wenye ulemavu, si wanajeshi pekee.

Sawa, lakini waliopimwa ni akina nani? Vijana wa kiume, wenye afya. Leo huko huko Marekani, wengi wanaokatwa miguu ni wagonjwa wa sukari na mishipa ya damu, na wengi wao ni wazee. Mama wa miaka 65 mwenye sukari hana ngozi ya askari wa miaka 22, na kidonda chake hakiponi vile. Na hata mwaka 2014, walipotenga dola milioni 10 kwa mpango wa kuchunguza ni kifaa gani kinamsaidia nani hasa, pesa ilipitia wizara ya ulinzi. Iraq na Afghanistan, yaani vita tena.

India walifika kwa njia nyingine. Mwaka 1968 fundi Ram Chandra Sharma na daktari P. K. Sethi walitengeneza mguu wa Jaipur kwa sababu ule wa Magharibi ulidai kiatu, na wagonjwa wao walitembea peku, walichuchumaa, waliingia mashamba yenye maji. Hawangejua hayo bila kumtazama mvaaji.

Mafundi Afrika Mashariki tunao. Moshi kuna chuo kinachowafunza tangu 1981. Sasa niambieni: kijana wa boda boda akivalishwa mguu leo, yule wa kumtafuta baada ya miezi 6 kumuuliza kama bado anauvaa, kama unamchubua, kama amerudi kazini, analipwa na nani?