Upozaji wa Umbo

Mwaka 2022 msanifu majengo Francis Kéré wa Burkina Faso alipata Tuzo ya Pritzker ya usanifu majengo, Mwafrika wa kwanza kuipata, na kazi iliyomtambulisha kwa walimwengu ni shule ya msingi ya kijijini kwao Gando, iliyokamilika mwaka 2001. Kuta zake ni za matofali ya udongo, na dari ni ya matofali yaliyopangwa bila saruji, yakiachiana mianya. Bati halikulazwa juu ya dari hiyo. Limenyanyuliwa juu yake kwa fremu za nondo. Jua likipiga, joto la bati huchukuliwa na upepo unaopita katikati, na hewa moto ya darasani hupanda na kutokea mianyani. Ufundi huu Kiingereza huuita passive cooling. Ukiufasiri neno kwa neno unapata “upozaji tulivu”, au vibaya zaidi “upozaji usiotenda”, na mtu wa Likoni, Mombasa, ana haki ya kuuliza: kama hautendi, unapoza vipi? Ninapendekeza “upozaji wa umbo”. Na tuandike upozaji, kutokana na kupoza, kwani kupooza ni maradhi.

Hoja yangu inasimama juu ya nyumba ya Kiswahili, ambayo bado ipo Kisauni, Likoni na Changamwe ingawa ghorofa zinaizidi kimo. Mbele kuna baraza chini ya upenu. Ukivuka mlango unaingia ukumbi mrefu ulionyooka hadi uani, vyumba vikiwa kulia na kushoto. Kuta za asili ni za boriti na fito zilizokandikwa udongo, na paa la makuti ya viungo lina mwinamo mkali, mwanya ukiachwa kati ya kichwa cha ukuta na paa. Upepo ukiingilia barazani hufuata ukumbi ukatokea uani, na joto lililopanda juu hutafuta njia kwenye ule mwanya. Hakuna kilichowashwa, lakini kila kipande kina kazi: upenu unazuia jua lisiuguse ukuta, ukumbi unaupa upepo njia, na ua ni pahali pa kutokea. Ukiuziba ukumbi huo kwa ukuta ili upate chumba kimoja zaidi cha kupangisha, vifaa ni vilevile, nyumba imeharibika. Fikra hiyohiyo imo katika Tudor Apartments, jengo lililosanifiwa na ofisi ya msanifu majengo Urko Sánchez kisiwani Mombasa, penye hori linalotenganisha kisiwa na upande wa Kisauni. Limezungushiwa ganda la pili lenye matundu, linalokata jua na kupitisha upepo, likimsitiri aliye ndani.

Atakayepinga atasema umbo si kila kitu, kwamba kinachopoza ni kifaa: makuti ni baridi, mabati ni moto. Ni kweli kwamba kifaa kina uzito wake. Lakini bati la Gando ni bati kama hili letu la hapa. Likilazwa chini, bila dari, linamchoma mtu. Likinyanyuliwa na kupitishiwa upepo, linakuwa mwavuli. Tofauti ni pale lilipowekwa. Wengine watataja Eastgate Centre ya Harare, iliyosanifiwa na Mick Pearce na kufunguliwa mwaka 1996, inayosifiwa kuwa imeiga kichuguu. Jengo hilo hutumia feni kuvuta hewa ya usiku ipoze saruji yake, nalo limefaulu kwa kuwa Harare iko juu, kiasi cha mita 1,500 kutoka usawa wa bahari, na usiku wake una baridi. Mwezi wa Machi usiku wa Changamwe ni joto na unyevu mpaka alfajiri; ukuta mnene hauna baridi ya kuweka akiba. Hapa dawa ni hewa inayotembea mwilini. Kwa hiyo umbo ninalolisema halinakiliwi kutoka mji mmoja hadi mwingine, na hilo ndilo ambalo neno “tulivu” haliwezi kumwambia fundi.

Pingamizi zito zaidi ni la maisha yenyewe. Katika mitaa ya Mlaleo na Mishomoroni ghorofa zimebanana, madirisha hufungwa kwa sababu ya mbu na wezi, na wengi Kisauni na Likoni wana nyumba juu ya ardhi isiyo yao, basi nani atahangaika na upepo? Sikatai. Ila nyavu za mbu na vyuma vya dirisha havizuii upepo kama unavyozuiwa na chumba chenye dirisha moja tu. Matofali ya matundu kwenye ngazi, kishimo cha hewa katikati ya jengo na tundu juu ya kila mlango havihitaji hati ya ardhi, vinahitaji kuchorwa mapema. Unapojenga, muulize fundi kabla ya kuchimba msingi: upepo wa kusi utaingilia wapi na utatokea wapi, na wa kaskazi je? Zege likishamwagwa, kinachobaki ni kununua kiyoyozi na kukilisha tokeni za stima kila wiki.