Nusu Maili: Historia ya Msitu Tuliopewa na Deni Letu Kwake

 

Kila mwaka kitabu hiki cha harambee hubeba taarifa za barabara, zahanati na madarasa. Mwaka huu kamati imeomba kurasa chache za kueleza jambo ambalo kila mmoja wetu amelisikia likitajwa kwenye mkutano wa kijiji, msibani na kwenye vikao vya Krismasi. Wengi wetu, hasa vijana waliozaliwa mijini, hawajui lilianzaje. Jambo lenyewe ni Nusu Maili.

Nusu Maili ni ukanda wa msitu wenye upana wa mita 800 hivi, unaopita juu ya vihamba vyetu upande wa kusini na mashariki wa Kilimanjaro, kati ya mashamba ya mwisho na msitu mkubwa wa asili. Ni ardhi ya serikali iliyotengwa ili wananchi waitumie. Tangu itengwe, imebadilishiwa msimamizi mara nne. Tukiijua safari hiyo tutaelewa tunaomba nini leo, na kwa nini ombi letu linahitaji kazi ya mikono pamoja na barua.

Tulivyobanwa katikati

Wazee wetu waliishi na msitu bila mpaka wa karatasi. Humo zilitoka kuni, nguzo za nyumba, majani ya ng'ombe, asali na dawa, na humo ndimo ilimoanzia mifereji iliyoleta maji vihambani. Mwanzoni mwa karne ya 20 Wajerumani waliufanya mlima na msitu wake kuwa hifadhi ya wanyama. Waingereza walipoingia, mwaka 1921 wakautangaza kuwa msitu wa hifadhi. Mpaka ukachorwa juu yetu.

Upande wa chini nako kulikuwa kumeshafungwa. Mashamba makubwa ya walowezi yalikuwa yamechukua sehemu nzuri ya ardhi iliyo chini ya vihamba. Watu wakaongezeka, kahawa ikapandwa, na ardhi ikabaki ileile. Mnajua desturi yetu: mtoto wa mwisho hubaki na kihamba cha baba, wa kwanza hutafutiwa chake, na wa katikati zamani alikwenda kuomba kwa mangi. Kwa kuwa ardhi ya kugawa ilikuwa imekwisha, huyu wa katikati hakuwa na pa kwenda. Shida ya ardhi ikawa kubwa kiasi kwamba baada ya Vita Kuu ya Pili serikali ya kikoloni iliunda tume chini ya Jaji Wilson kuchunguza ardhi ya Arusha na Moshi, na taarifa yake ikatoka mwaka 1947.

Kabla ya tume hiyo, mwaka 1941, serikali ilikuwa imekubali hatua moja. Sehemu ya chini ya msitu wa hifadhi ilitengwa, nusu maili kwa upana, ili wananchi wapate kuni, mbao na mahitaji mengine bila kuingia msitu wa juu. Ardhi haikugawanywa kuwa vihamba, wala hakuna aliyepewa hati. Kilichotolewa ni haki ya kutumia, pamoja na wajibu wa kutunza. Usimamizi ukawekwa mikononi mwa Baraza la Wachaga.

Miaka ya Baraza

Baraza lilisimamia Nusu Maili hadi mwaka 1962. Waliochunguza historia ya ukanda huu wanauhesabu wakati huo kuwa ndio uliotunzwa vizuri zaidi. Wananchi walipata kuni na miti ya kujengea, na ilipandwa miti inayokua haraka ili msitu wa asili upumzike.

Hatupendi kuipamba historia. Ule ulikuwa utawala wa kikoloni, na wamangi hawakuwa malaika. Lakini msimamizi alikuwa karibu. Mtu aliyekata mti bila ruhusa alijulikana kijijini kwa jina, na aliyemruhusu alijulikana pia. Tena jamii hii ilikuwa imeshazoea kuendesha mambo yake kwa vikao na vitabu vya hesabu. Ndiyo iliyounda ushirika wa KNCU mwaka 1933, na ndiyo iliyomchagua Thomas Marealle kuwa Mangi Mkuu, akasimikwa mwaka 1952. Msitu ulipokabidhiwa kwa watu hao, ulikuta utaratibu uliokwisha kuota mizizi.

Makabidhiano manne

La kwanza lilikuja baada ya Uhuru. Mwaka 1962 usimamizi ulitoka kwa Baraza la Wachaga ukaenda kwa halmashauri ya wilaya. La pili ni la mwaka 1972, wakati wa Madaraka Mikoani, halmashauri za wilaya zilipovunjwa. Nusu Maili ikachukuliwa na serikali kuu. Halmashauri zilirudishwa mwaka 1984, na mwaka 1987 ukafuata ukabidhi wa tatu: ukanda ukarudi wilayani.

Katika miaka hiyo yote mlima wenyewe ulikuwa unapewa hadhi mpya. Mwaka 1973 sehemu ya juu ya msitu ilifanywa Hifadhi ya Taifa, ikafunguliwa kwa wageni mwaka 1977. Mwaka 1987 Kilimanjaro ikaingizwa katika orodha ya Urithi wa Dunia ya UNESCO. Macho ya dunia yakaelekea kileleni. Huku chini, Nusu Maili ilikuwa inachoka. Kila ilipobadilishiwa msimamizi, kumbukumbu zilihama ofisi, walinzi walibadilika, na mwananchi hakujua tena aombe kibali kwa nani. Penye pengo kama hilo, mwenye msumeno hutangulia. Mkulo, mti wetu wa thamani, ulikatwa hata katika msitu wa juu. Uchunguzi uliofanywa kwa ndege mwaka 2001 ulionyesha maelfu ya miti ya asili iliyoangushwa katika msitu wa Kilimanjaro, na ndani ya Nusu Maili yalionekana mashamba mahali palipopaswa kuwa na miti.

Ukabidhi wa nne ulifuata. Mwaka 2005 mipaka ya Hifadhi ya Taifa ilipanuliwa ikashuka kuumeza msitu wa hifadhi, na Nusu Maili ikawa ndani yake. Sababu zilizotolewa hazikuwa za uongo. Msitu ule ndio chanzo cha mito na mifereji yetu, na ulikuwa unaharibiwa. Lakini sheria ya hifadhi za taifa ni kali kuliko sheria za misitu. Ardhi iliyotengwa mwaka 1941 ili mama apate mzigo wa kuni na majani ya ng'ombe ikawa mahali ambapo kukata majani ni kosa. Ng'ombe wetu hufugwa bandani, kwa hiyo majani yale ni maziwa ya watoto, na samadi yake ni mbolea ya migomba na kahawa. Anayebeba gharama ya mpaka mpya ni yule mama anayeshuka tambarare kutafuta majani na kupanda nayo kichwani.

Tunaomba nini

Swali la Nusu Maili limepelekwa Bungeni na wabunge wa majimbo ya mlimani, na litaendelea kupelekwa. Njia ya kisheria ipo. Sheria za ardhi za mwaka 1999 zinatambua ardhi ya jumla, ardhi ya vijiji na ardhi ya hifadhi, na zinaruhusu ardhi kuhamishwa kutoka kundi moja kwenda jingine. Sheria ya Misitu ya mwaka 2002 inaruhusu kijiji kuwa na msitu wake wa hifadhi, au kusimamia msitu wa serikali kwa ubia. Hatuombi jambo geni.

Ndugu zetu walioko Marekani wanaweza kuuliza huko waliko. Tangu mwaka 1926 nchi hiyo ina sheria inayoiwezesha serikali kuu kuupa mji mdogo kipande cha ardhi ya umma kwa ajili ya matumizi ya wote, kama vile shule au uwanja wa michezo. Sharti ni kwamba ardhi itumike kwa kazi iliyoombewa, la sivyo inaweza kurudi serikalini. Sharti la namna hiyo sisi hatuliogopi. Turudishiwe matumizi ya Nusu Maili, na iandikwe kwamba tukiiharibu tunyang'anywe.

Lakini serikali ina haki ya kutuuliza: safari hii mtaitunza namna gani? Miti iliyoanguka kabla ya 2005 haikukatwa na wageni peke yao. Jibu letu lazima lionekane kwa macho kabla ya kuandikwa kwenye barua. Kwa sababu hiyo mkutano mkuu umekubali kwamba sehemu ya michango ya mwaka huu iende kwenye kazi nne.

Kwanza, kitalu cha miche kwa kila kijiji cha eneo letu, ili kuni na mbao zianze kutoka vihambani na kingo za mito zifunikwe miti ya asili. Pili, mbegu za majani ya tembo kwa kila kaya yenye ng'ombe, zipandwe kwenye matuta. Tatu, ukarabati wa mifereji mikuu kwa msaragambo, chama kikinunua saruji na mabomba. Nne, jalada kamili la Nusu Maili: ramani, mihtasari ya vikao, sheria ndogo za vijiji na ushuhuda wa wazee waliokumbuka utaratibu wa Baraza. Wazee hao wanapungua kila mwaka. Wenye baba, babu au bibi aliyefanya kazi ya msitu enzi zile, tafadhali wapelekeni kwa katibu wa kijiji waandikwe.

Hesabu ya kila shilingi itasomwa mbele ya wote kwenye mkutano wa Desemba, na kitabu cha miche kitakuwa wazi kwa yeyote kukagua: ngapi zilipandwa, wapi, na ngapi zimeshika. Mtakaokuja nyumbani kwa sikukuu, msiishie barabarani na kwenye sherehe. Pandeni hadi mwisho wa vihamba mkauone mpaka kwa macho yenu, mkapande angalau mche mmoja upande wetu. Mtakaoshindwa kufika, fomu ya mchango iko ukurasa unaofuata.